Fungu la Chini ya Sufuria

Jumatatu ya kwanza baada ya harusi, mke mpya aliosha sukuma wiki kwenye karo la jikoni kwa wakwe zake. Aliziosha jani moja moja, mbele na nyuma, kwa sababu wadudu wa kijivu hupenda kujibanza mgongoni mwa jani, na hakutaka siku yake ya kwanza jikoni ije ikumbukwe kwa sababu ya mdudu. Jiko lilikuwa la gesi, la mafiga mawili, na figa la kushoto lilikuwa limekufa zamani. Juu yake waliweka kopo la vijiko. Sufuria ya mboga ilikuwa moja tu. Ilikuwa kubwa, imepoteza mkono mmoja, na ndani ilikuwa imesuguliwa miaka mingi hata ikawa nyembamba na kung'aa, mtu angeweza kujitazama meno. Ilikuwa ya marehemu mama mkwe, ambaye mke mpya hakuwahi kumwona ila kwenye picha ya ukutani.

Watu wa nyumba hiyo walimwita Bi Harusi. Jina lilimganda, na likaendelea kumganda hata viatu vyake vya harusi vilipokuwa vimegeuka viatu vya kwendea gengeni. Mchana alipiga pasi kwenye duka la dobi, mashati ya watu wengine tangu asubuhi mpaka alasiri, na jioni alirudi nyumbani mikono bado ina joto.

Siku hiyo alipika kama walivyokuwa wakipika kwao. Hakutumia kisu. Alichana majani kwa mkono, akatenga uti wa kila jani pembeni, akayatia sufuriani na maji yale yale yaliyobaki juu yake baada ya kuoshwa. Katikati aliweka nyanya moja nzima, bila kuikata, akafunika. Mfuniko ulipoanza kutoa jasho alizima gesi, akanyunyiza chumvi, akamimina mafuta kidogo, na nyanya ikapasuka yenyewe. Ndiyo mboga aliyoijua tangu alipoota meno, na alikuwa na hamu nayo baada ya wiki nzima ya vyakula vya sherehe.

Upawa wa kwanza ulikuwa wa baba mkwe, mzee aliyestaafu kazi ya kukagua mizani sokoni na ambaye sasa alikuwa na meno ya bandia. Ulitoka na mboga nyeusi, zilizochemshwa mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kuwa majani, za kumeza bila kutafuna. Upawa wa pili, wa mumewe, ulitoka na mboga za kijani kibichi zilizokatwa nyembamba kama nyuzi na kukaangwa harakaraka na vitunguu vilivyoungua kidogo pembeni. Bi Harusi hakuwa amekata kitunguu siku hiyo. Upawa wa tatu, wa wifi yake, ulikuja na rojo zito la karanga za kusaga. Karanga hazikuwamo ndani ya nyumba.

Alisimama kidogo na upawa mkononi. Mezani walishaanza kula.

"Una mkono mzuri, mwanangu," baba mkwe alisema. "Utadhani ni marehemu mwenyewe."

"Asante, baba," Bi Harusi alijibu, maana sifa ikishatolewa mbele ya watu haifai kubishiwa.

Aliporudi jikoni aliinamisha sufuria ili ajipakulie. Zile za nyanya hazikuwemo. Chini kabisa palikuwa na fungu dogo: majani machanga yaliyoiva nusu, pamoja na uti wa majani uliokatwa vipande vidogo vidogo, tangawizi nyingi kupita kiasi, na maji ya limau. Alionja. Tangawizi ilimpanda puani mpaka machozi yakamtoka, na tangawizi ilikuwa kitu asichokipenda tangu utotoni.

Wifi yake aliingia kuleta sahani. Alikuwa dada mkubwa wa mumewe, nesi wa zamu, na funguo zote za nyumba zilikaa mfukoni mwake.

"Hizo za chini usijisumbue nazo, wifi," alisema. "Huwa namwaga. Chini ya sufuria hubaki mabakimabaki."

Tangu mama yao aondoke, Wifi ndiye aliyekuwa akishika jiko. Alikuwa akitupa majani sufuriani akiwa bado na sare ya kazi, wakati mwingine bila hata kuyaosha vizuri, anawasha gesi, anakwenda kuoga. Akitoka, mboga zimeiva, kila mtu na yake. Alikuwa ameona kwamba upishi ni kazi nyepesi sana. Kitu pekee kilichomshangaza ni kwa nini marehemu alikuwa akilalamika mgongo.

Bi Harusi alizimwaga zile za chini kwenye ndoo ya taka. Usiku huo alilala na njaa, na hilo halikumkera sana, kwa sababu aliamini kwamba kesho angejua alikosea wapi.

Kesho yake mambo yakawa yale yale, na keshokutwa pia. Aliweka nyanya mbili. Aliweka nyanya nne. Nyanya zilizama ndani ya majani na hazikuonekana tena. Aliyakata majani kwa kisu badala ya kuyachana, akayachana badala ya kuyakata, akapika kwa moto mdogo na kwa moto mkali. Mzee alipata za kumeza, mumewe alipata za kutafuna, Wifi alipata za karanga, na chini ya sufuria palibaki fungu lile la tangawizi.

Jumapili asubuhi alimfuata mumewe, ambaye alikuwa fundi saa na siku za mapumziko alileta kazi nyumbani. Alimkuta kwenye meza ya dirishani, kioo cha kukuzia kimembana jichoni, saa ya mtu imefunguliwa tumbo mbele yake.

"Mama alikuwa anapikaje mboga?"

"Alikuwa anapika tu."

"Anapikaje, ndiyo nauliza. Anaanza na nini?"

Mume alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, asiyependa kusema asilolijua.

"Anaingia jikoni," alisema. "Anafunga mlango, moshi wa mafuta usije sebuleni. Halafu mboga zinatoka."

"Zinatoka za aina tatu."

"Tatu vipi? Sukuma ni sukuma."

"Zako zina vitunguu. Za baba hazina."

"Baba hapendi vitunguu," mume alisema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha, akarudi kwenye saa yake.

Aliyempa jibu alikuwa jirani wa upande wa pili wa ukuta, mwanamke aliyeuza vifungo na zipu, na kwa hiyo akaitwa Mama Vifungo. Walikutana kwenye kamba za kuanikia nguo. Bi Harusi alimweleza kuhusu sufuria, na Mama Vifungo alimsikiliza huku akibana mashuka yake kwa vibanio, kimoja baada ya kingine, bila kupoteza hesabu ya mashuka.

"Aa, hiyo sufuria naijua kwa sauti," alisema. "Ukuta wetu ni mwembamba, hata chafya mnagawana. Kila jioni niliisikia ikisuguliwa. Anapika, anasugua. Anapika tena, anasugua. Mara nne, mwenzangu! Sufuria moja, figa moja. Mimi nikajua maskini ana ugonjwa wa usafi."

"Mara nne? Wala si tatu?"

"Nne. Na ya nne aliisugua taratibu kuliko zote. Nikawa najua hapo watu wameshakula, na yeye ndio anamaliza." Alibana kibanio cha mwisho. "Nilimpenda sana yule mama. Sikuwahi kumuuliza."

Bi Harusi alisimama pale na nguo mbichi begani mpaka blauzi yake ikalowa. Sasa alielewa. Marehemu alikuwa akipika mara nne kila jioni, mlango umefungwa, na mboga zilipotoka mezani watu wale waliona ni sufuria moja, pishi moja. Miaka yote hiyo walidhani sukuma wiki ndivyo ilivyo, kwamba ukiipakua inajigawa yenyewe kwa kufuata mlaji. Kwa hiyo mama alipokufa na sufuria ikaanza kufanya hivyo kweli, hakuna aliyeona tofauti. Alijisikia hasira, na hasira ile haikuwa na wa kumwangukia, kwa sababu wote aliowafikiria walikuwa watu wazuri kwake.

Jioni hiyo alichukua sahani ya chai, akaweka juu yake fungu la chini ya sufuria, akaliweka katikati ya meza.

"Naomba muonje hizi," alisema.

Walionja, kwa sababu aliomba kwa adabu. Mzee alikohoa. Mume alitafuna akiangalia juu, kama mtu anayesikiliza saa iliyoko chumba cha pili. Wifi alitema kwenye kitambaa.

"Tangawizi yote hii inaunguza utumbo," alisema. "Hospitali tunaletewa watu kila siku."

"Ni za nani hizi?" mzee akauliza.

"Za mama," Bi Harusi alisema. "Ndivyo alivyokuwa akipenda. Alikuwa anapika mara nne, baba. Zako, za mume wangu, za wifi, halafu za kwake. Mama Vifungo alikuwa akimsikia."

Saa za watu zilisikika kutoka kwenye meza ya dirishani, kila moja na mwendo wake.

"Mama yenu hakuwa akila mboga za majani," mzee alisema. "Hakuzipenda. Hata chakula cha jioni kwa ujumla hakuwa na njaa nacho. Angekuwa anazila, ningemwona hapa mezani."

"Alikuwa akila jikoni."

"Asimame jikoni kwa nini na viti vipo?"

Mzee huyu, enzi za kazi yake, alikuwa akichukua jiwe la mizani mkononi na kumwambia muuza samaki limepungua kiasi gani, na likipimwa ofisini jibu linakuwa lile lile. Wauzaji walimwogopa kuliko polisi. Alinyoosha mkono akachukua jani jingine kutoka kwenye sahani ya chai, la pili, akalitafuna polepole na meno yake ya bandia, macho kwenye picha ya ukutani.

"Hapana," alisema mwishoni. "Simjui mtu anayekula hivi."

Akaomba maji. Wifi akampa maji. Mume alimtazama mkewe kwa huruma, kwa kuwa aliona ameaibika, na baadaye walipokuwa wawili alimwambia asijali, kila mgeni hukosea mambo ya watu.

Dukani kwa dobi alimsimulia mwenzake wa meza ya pili, mwanamke wa miaka mingi kazini ambaye alikuwa akikunja suruali akiwa amefumba macho.

"Kwetu ni birika," mwenzake alisema. "Inajua nani anataka sukari. Mama mkwe wangu naye ameshazikwa zamani."

"Na wewe inakupa unavyotaka?"

"Mimi inanipa maji ya moto. Nikoroge mwenyewe." Aligeuza suruali upande wa pili. "Usiichukulie moyoni. Wewe ulikuja baadaye, itakujuaje?"

Hilo ndilo lililomuuma Bi Harusi. Sufuria haikuwa na ubaya naye. Ilikumbuka yale iliyofundishwa, na yeye hakuwemo. Mara moja, nyumba ikiwa tupu, aliinama juu yake akasema kwa sauti, "Na mimi nipo. Za nyanya nzima, tafadhali." Alingoja, akafunua. Aliona aibu hata kama hapakuwa na mtu, akaweka mfuniko mahali pake.

Basi akafanya lile ambalo mtu yeyote angelifanya. Miongoni mwa zawadi za harusi palikuwa na kisufuria chekundu, kidogo, alichochangiwa na wenzake wa dobi. Jumatano akitoka kazini alinunua fungu lake la sukuma na nyanya moja, akawapikia watu kwa sufuria kubwa, na figa lilipokuwa huru akajipikia kwenye kile chekundu. Majani yaliingia yakatoka kama yalivyotakiwa kutoka. Nyanya ilipasuka yenyewe. Alijipakulia, akaketi mezani na wenzake, akala, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alijisikia yuko mahali.

Siku hiyo hapakuwa na neno. Siku ya pili Wifi alisimama mlangoni pa jikoni akakitazama kisufuria.

"Wifi yangu, hicho ni cha nani?"

"Changu. Najipikia kidogo, nilivyozoea."

"Unajipikia." Wifi alilirudia neno kama mtu anayeangalia tarehe kwenye chupa ya dawa. "Ndani ya nyumba ya watu wanne unajipikia peke yako."

"Lakini kila mtu si ana yake?"

"Yake wapi? Tunakula sufuria moja."

Baada ya chakula mzee alimwita sebuleni. Hakuwa mkali. Alimpangusia kiti kwa kiganja chake kabla hajakaa.

"Mwanangu, hapa hakuna anayekunyima," alisema. "Ila kwenye nyumba yangu hatuli kwa mafungu. Marehemu, miaka yote tuliyokaa, hakuwahi kuweka chungu chake pembeni. Watu wakisikia mkwe wangu ana kisufuria chake, watasemaje? Watasema tunakubagua."

"Sawa, baba."

"Uwe na amani. Hiyo sufuria kubwa inamtosha kila mtu."

Mumewe ndiye aliyekipandisha kisufuria chekundu juu ya kabati, karibu na bilauri za sherehe, kwa kuwa yeye alikuwa mrefu. Alikifuta vumbi kwanza, akakifunika kwa kitambaa safi, akashuka kwenye kiti akauliza kama kimekaa vizuri. Bi Harusi alisema kimekaa vizuri. Alitamani sana agombane naye, lakini angegombana naye kwa lipi? Mtu aliyefunika kisufuria kwa kitambaa safi ni vigumu kumtafutia kosa.

Wiki ile alikula mkate. Halafu mkate ukamchosha, kwa sababu kupiga pasi ni kazi ya kusimama na mwili unataka kitu cha moto, na siku moja, amesimama jikoni huku wenzake wakicheka sebuleni, alikula zile za chini ya sufuria. Alizila kwa sababu zilikuwepo. Machozi yalimtoka kama kawaida, akapangusa, akamaliza.

Kidogo kidogo tangawizi ikaacha kumpanda puani. Alianza kutambua mambo: kwamba ule uti wa majani, ambao kwao walikuwa wakiutupa, ukikatwa vidogo na kuiva nusu una utamu wake, kwamba limau linaingia mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, la sivyo linakuwa chungu, kwamba aliyepika hivi alikuwa mtu mwenye haraka, aliyetaka kitu cha kumwamsha baada ya kusimama muda mrefu. Wakati mwingine alijikuta amemwambia maneno mawili matatu. Marehemu hakujibu, kwa kuwa hakuwemo. Kilichokuwemo ni chakula chake tu. Bi Harusi alimwonea huruma na akampenda, kama unavyoweza kumpenda mtu uliyeachiwa zamu yake. Hakuna tena aliyemwaga kitu kwenye ndoo ya taka, na Wifi alifurahi kuona sufuria inaisha.

Ukapita msimu wa mvua na ukaja wa jua. Bi Harusi alipata ruhusa ya kwenda kwao kuwasalimia, akapanda basi, akafika kabla ya chakula cha mchana. Mama yake alikuwa jikoni. Alimkumbatia, akamzungusha kumtazama kama amekonda, akamsukumia kigoda.

"Kaa hapo, leo hushiki kitu. Nakupikia sukuma zako."

Alimwangalia mama yake akichana majani kwa mkono, akiweka nyanya nzima katikati, akifunika, akingoja mfuniko utoe jasho. Ile harufu ilimfikia na moyo ukamwenda mbio. Alikuwa ameingoja mwaka mzima karibu. Mama alipakua. Bi Harusi alitia tonge mdomoni, akatafuna, akatafuna tena. Kulikuwa na kitu kimepungua.

"Mama, tangawizi iko wapi?"

Mama yake hakushtuka. Alimtazama tu, mfuniko mkononi, kisha akaenda kwenye kikapu cha dirishani akaleta kipande cha tangawizi na kisu kidogo.

"Umeshafika huko," alisema. "Mimi ilinichukua muda zaidi."

"Kufika wapi?"

"Kwani hizi za nyanya unadhani ni za kwangu? Ni za bibi yako, mama wa baba yako. Nilipoolewa nilizikuta ndani ya sufuria, chini kabisa. Wengine hawakuzitaka. Basi nikawa nazila mimi, halafu wewe ukazaliwa, nikakulisha hizo hizo, ukazipenda."

Bi Harusi aliweka kijiko chini. Mama alikuwa akikata tangawizi vipande vyembamba, bila haraka.

"Na zako ni zipi, mama? Zile ulizotoka nazo kwenu."

"Zangu?" Mama alicheka kidogo. "Zangu zilikuwa tamu, we! Unaanza na vitunguu... hapana, hivyo ni vya baba yako. Zangu zilikuwa na..." Kisu kilisimama. Alitazama dirishani, midomo ikitembea kama ya mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani. "Subiri. Si zilikuwa na ufuta?"

"Hatujawahi kuwa na ufuta humu ndani, mama."

"Basi ndiyo sababu," mama alisema. Akanyunyiza tangawizi juu ya sahani ya binti yake. "Kula kabla hazijapoa."

Walikula. Bi Harusi alilia wakati anakula, na safari hii haikuwa tangawizi, na mama yake alijua haikuwa tangawizi, akamsogelea wakakaa bega kwa bega kwenye vigoda mpaka sahani zikaisha. Kisha mama akamfungia malimau matatu ya kurudi nayo, kwa kuwa huko aliko lazima angeyahitaji.

Mwezi uliofuata mzee alipata mgeni. Alikuwa mwenzake wa zamani wa kazi, mtu mnene mcheshi, ambaye enzi zile alikuwa akija kula kila walipomaliza ukaguzi wa mwisho wa mwezi, na ambaye hakuwa ameonekana tangu kabla ya msiba. Bi Harusi aliosha majani jani moja moja, akayatia sufuriani, akawasha gesi. Alipopakua, mzee alipata zake, mume zake, Wifi zake. Upawa wa mgeni ulitoka na mboga zilizopikwa kwa maziwa, pilipili manga juu, bila kitunguu hata punje.

"Alaa!" mgeni alisema, akasugua viganja. "Bado mnanikumbuka! Vitunguu vinanijaza tumbo, marehemu alikuwa hasahau hilo."

"Mkwe wangu ana mkono wake," mzee alisema kwa fahari.

Bi Harusi alikuwa ameshageuka kurudi jikoni. Mlango aliuacha nusu wazi, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa, na aliwasikia wakila, vijiko vikigonga sahani, mgeni akisimulia kuhusu muuza mchele mmoja na jiwe lake la uongo. Kisha mgeni akashusha sauti, kwa adabu ya mtu aliye kwa watu.

"Na mwenyewe mpishi? Mbona hatuko naye mezani?"

"Nani, Bi Harusi?" Ilikuwa sauti ya mumewe, yenye upendo wote uliokuwemo ndani yake. "Yeye hapendi mboga za majani."

"Hana njaa ya jioni," mzee aliongeza. "Tangu aje."

"Wapo watu wa hivyo," mgeni alisema.

Jikoni, Bi Harusi alikuwa amesimama karibu na figa lililokufa, sufuria ameiinamisha, kijiko mkononi. Aliyasikia maneno yote. Alitafuna tonge lililokuwa mdomoni, akameza. Kisha alikata limau la mwisho kati ya yale ya mama yake, akakamua nusu yake juu ya majani, na kwa kuwa siku hizi aliona tangawizi imekuwa hafifu, akaongeza.

Alipomaliza alichukua waya, akaanza kuisugua sufuria, taratibu. Upande wa pili wa ukuta Mama Vifungo aliisikia, akajua watu wameshakula.